Lengalenga na Baiti Moja

Jirani yangu hapa Matonge, Brussels, mzee wa Bukavu, amepanda lengalenga rosheni kwenye ndoo ya rangi iliyokwisha. Ndoo hiyo ina kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kinachokonyeza udongo ukikauka. Siku anakitengeneza nilimpelekea bodi yangu ya ESP32: prosesa mbili, megahezi 240, Wi-Fi ndani. Akaigeuzageuza mkononi. "Mwanangu, hii lengalenga inataka kuongea na nani?"

Yeye alishachagua ATtiny13A, chipu ya miguu minane, yenye kilobaiti moja ya programu na baiti 64 za kufanyia kazi. Sentensi niliyomaliza kuandika ingejaza baiti hizo na kumwagika. Alianza kwa kuhesabu miguu. Miwili ya umeme. Mmoja wa kitaa, mmoja wa kusoma unyevu kati ya misumari miwili, na mwingine wa kuipa misumari umeme kwa kitambo kidogo tu, maana ikiachiwa mkondo mchana kutwa huliwa na kutu. Mguu wa kuiwasha upya chipu hakuugusa. Mimi niliwahi kuugeuza wa kazi nyingine kwa tamaa ya mguu mmoja zaidi; tangu hapo chipu ile haikusikia tena programu mpya, mpaka nikaazima kifaa cha kuipiga volti 12.

Ninaamini anayebeba chipu kubwa kuliko kazi yake mara nyingi hajakaa na kazi hiyo akaijua. Nimeubeba ukubwa huo miaka mingi, nikauita tahadhari.

FOSDEM, mkutano wa watu wa programu huria, hufanyika kila mwaka katika chuo kikuu cha ULB, si mbali na kwetu. Nilirudi huko mwaka mmoja nimejaa habari za CH32V003, chipu ya Kichina: kilobaiti 16, megahezi 48, bei kama senti kumi za dola ukinunua nyingi. Mzee hakuidharau. Aliuliza, "Ikilala inakula kiasi gani?" Sikuwa nimeangalia. Betri yake ni ile ya duara, CR2032, yenye miliampea-saa kama 220. Wi-Fi ya bodi yangu ingeikausha upesi, ilhali chipu yake usingizini hunyonya maikroampea chache tu.

Saa ya ndani huiamsha chipu hiyo kila baada ya sekunde nane. Nikamwandikia programu: hesabu miamko 450, saa moja imetimia, pima udongo. Akasoma, akatabasamu. Baiti moja inaishia 255, kwa hiyo 450 inadai baiti mbili. Akafuta, akaandika 225.

"Tupime kila nusu saa," akasema, huku akipuliza moshi wa kulehemu. "Lengalenga haina saa ya ukutani."

Mwezi uliopita tulichuma mara mbili. Kitaa kilikonyeza Jumapili moja tu, tulipokuwa msibani.