Tazama Mkono wa Kushoto

Nimechoka kuambiwa kwamba 300: Rise of an Empire ya mwaka 2014 ndiyo filamu yenye mapigano makali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kuhusu Wagiriki wa kale. Makali kwa lipi? Damu ya kompyuta inamwagwa bila hesabu, picha inapooza kila upanga unapoinuliwa, na mwishoni jemadari Themistokles anapanda farasi na kukatiza naye juu ya merikebu zinazowaka moto. Farasi, kwenye vita vya majini vya Salamis! Na watu wanapiga makofi. Hao hao ndio walioicheka Alexander ya Oliver Stone.

Tuelewane basi. Mtazamaji mchanga huangalia upanga. Upanga ni wa kumpumbazia yeye. Mwigizaji yeyote aliyefundishwa wiki mbili ataurembesha. Mimi naangalia mkono wa kushoto, ule wenye ngao.

Aspis, ngao ya hopliti, yaani askari wa miguu wa Kigiriki, ilikuwa na upana wa karibu sentimita 90 na uzito wa kilo 7 hivi, mbao iliyovikwa shaba nyembamba. Haikushikwa kwa kiganja peke yake. Mkono ulipenyezwa kwenye pete ya katikati hadi karibu na kiwiko, ngumi ikakamata kishikio cha pembeni, na kwa kuwa ngao ilibonyea ndani kama bakuli, ukingo wake uliegemea bega. Hapo begani ndipo pa kukazia macho. Mtu mwenye ngao ya kweli akipata nafasi ya kuvuta pumzi, hata kidogo, anaitua begani bila kufikiri. Mwenye ngao ya plastiki haitui popote. Anaipunga, anaizungusha, anainyoosha mbele na kuisahau huko huko huku akihutubia askari wake. Ukiona ngao imefika kabla ya kiwiko, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tena ngao hiyo ilikufunika wewe nusu, na nusu nyingine ilimfunika mwenzako wa kushoto. Ndiyo maana mwanahistoria Thucydides, akisimulia vita vya Mantinea vya mwaka 418 K.K., anaeleza kwamba majeshi yote yakianza kusonga huvutika kuelekea kulia. Kila mtu anajibanza kwenye ngao ya jirani yake, na chanzo ni yule wa mwisho kabisa upande wa kulia, asiye na wa kumkinga, anayezidi kuuondoa ubavu wake mtupu mbele ya adui. Woga wa mtu mmoja unaikokota safu nzima. Sijaona mwongozaji aliyethubutu kuipiga picha safu inayokwenda upande. Wote wanataka mstari ulionyooka, maana ndio unaopendeza kwenye bango.

Zack Snyder alikaribia. Katika 300 ya mwaka 2006, mfalme Leonidas anamkataa Ephialtes, kibiongo anayeomba kupigana naye, kwa sababu hawezi kuiinua ngao imkinge mwenzake. Hilo ni onyesho la mtu aliyesoma. Kisha Waajemi wanafika, ngao zinagongana, miguu inateleza, watu wanasukumana kifua kwa mgongo. Sehemu hiyo naivulia kofia. Muda si muda Leonidas anachomoka peke yake na kuua mmoja mmoja, mara polepole, mara mbio. Ufundi wa kamera upo, sikatai: walitumia kamera tatu kwa wakati mmoja, kila moja na lenzi yake, ili picha isogee na kurudi bila kukatwa. Lakini kwa sheria aliyoitoa mwenyewe, mfalme huyo naye angefukuzwa kambini pamoja na Ephialtes.

Kuna masharti mengine sitayaeleza sana. Pigo lianze na liishe ndani ya picha moja. Ukikata katikati, unaficha kitu. Mkuki ukitikisika ncha mtu anapokimbia, ni mpira. Na hopliti akienda kwenye mapigano kichwa wazi nazima runinga. Najua steringi analipwa kwa ajili ya uso wake, ila hiyo ni shida ya mhasibu wa studio, si yangu.

Mnataka kuona uzito? Tafuteni Jason and the Argonauts ya mwaka 1963. Ray Harryhausen alisogeza viunzi saba vya mifupa kwa mkono, fremu baada ya fremu, kwa zaidi ya miezi minne, apate dakika chache za vita. Waigizaji watatu walifanya mazoezi na mastanti, halafu mbele ya kamera wakapigana na hewa. Na bado ile mifupa, isiyo na hata msuli mmoja, inabeba ngao vizuri kuliko wanaume wengi wenye misuli wa siku hizi. Kwenye Troy ya mwaka 2004, Brad Pitt na Eric Bana walipigana wenyewe bila kubadilishwa na mastanti. Inasimuliwa kwamba walitozana faini kwa kila pigo lililompata mwenzake kwa bahati mbaya, na Pitt ndiye aliyelipa. Msimwangalie Pitt. Mwangalieni Bana anavyochoka, mpaka jiwe tu linamwangusha.

Zamani waongozaji walikuwa na askari. Rudolph Maté, alipotengeneza The 300 Spartans ya mwaka 1962, alipewa wanajeshi wa Ugiriki wenyewe. Panga zao ni kichekesho, lakini safu ikigeuka inageuka kama ya watu waliokwisha kutukanwa na sajini. Umati wa kompyuta haujawahi kutukanwa na mtu.

Stone naye, kwa vita vya Gaugamela kwenye Alexander, aliwachukua wanajeshi wa Moroko akawapa sarisa, mikuki ya zaidi ya mita tano inayotaka mikono yote miwili. Mshauri wake, mwanahistoria Robin Lane Fox, aliweka sharti moja: apande farasi kwenye mstari wa mbele wapanda farasi wa Alexander watakaposhambulia. Akakubaliwa. Yumo humo kwenye vumbi, mtafuteni.