Ndege ya Maseremala: de Havilland Ilivyoiunda Mosquito kwa Mbao na Gundi

Hadithi ya Mosquito husimuliwa kwa mkato: vita vikaanza, alumini ikaadimika, Waingereza wakaunda ndege ya mbao kwa kukosa la kufanya. Ni hadithi tamu, na nusu yake ni kweli. Ila haielezi kwa nini ndege hiyo, ilipopimwa kwenye kituo cha majaribio cha Boscombe Down mwezi Februari 1941, ilifikia kilomita 624 kwa saa na kuiacha nyuma ndege ya kivita ya Spitfire ya wakati ule, ingawa yenyewe ilikuwa ndege ya kubeba mabomu. Dhiki peke yake haizai kasi ya namna hiyo. Inabidi tuingie karakana.

Geoffrey de Havilland alianzisha kampuni yake mwaka 1920 huko Stag Lane, pembezoni mwa London. Riziki yake ilikuwa ndege ndogo za mbao na kitambaa, hasa Moth iliyotoka mwaka 1925 na kusambaa dunia nzima. Nairobi ziliingia mapema, maana shirika la Wilson Airways lilianza nazo mwaka 1929. Na East African Airways ilipoanza kazi mwaka 1946, ilikuwa na Rapide sita za mtengenezaji huyohuyo, nazo za mbao. Lakini hatua iliyozaa Mosquito ni ndege mbili za katikati. Ya kwanza ni DH.88 Comet, iliyoshinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne mwaka 1934. Ya pili ni Albatross ya abiria ya mwaka 1937, ambayo ukuta wa bodi yake ulikuwa tabaka la balsa lililobanwa na plaiwudi pande zote mbili. Kwa hiyo vita vilipofika, mafundi wa kampuni hii walikuwa wameshaizoea kazi. Mbao ndiyo iliyokuwa fani yao.

Wazo lililowaudhi wakubwa wa Wizara ya Anga halikuwa mbao, kusema kweli. Lilikuwa kuziondoa bunduki. Ndege za mabomu za siku zile zilijaa bunduki za kujihami pamoja na watu wa kuzipiga, na kila mtu na kila bunduki ilidai uzito, mafuta na bodi kubwa zaidi. Timu ya mbunifu mkuu Ronald Bishop, iliyojichimbia katika jumba la Salisbury Hall tangu Oktoba 1939, ilipendekeza kuviondoa vyote: watu wawili, injini mbili za Merlin, na usalama wote uwe kwenye mwendo. Sir Wilfrid Freeman, mkuu wa uendelezaji na uzalishaji wizarani, aliwaunga mkono karibu peke yake, hata wabezaji wakauita mradi huo upuuzi wa Freeman. Mkataba wa ndege 50 ulitiwa saini Machi 1, 1940. Baada ya jeshi la Waingereza kuhamishwa kutoka Dunkirk ukasimamishwa, mwezi Julai ukarudishwa, na Novemba 25 ya mwaka huohuo ndege ya kwanza ikaruka Hatfield ikiongozwa na mwana wa mwanzilishi wa kampuni. Karibu miezi miwili kabla yake, ndege ya Kijerumani ilikuwa imekipiga mabomu kiwanda cha kampuni hapo Hatfield, ikaua watu 21 na kuteketeza sehemu kubwa ya vifaa vya mradi.

Sasa tuone ilivyoundwa. Bodi ilitengenezwa kwa nusu mbili, kushoto na kulia, kama ganda la karanga lililobanduliwa. Kila nusu ililazwa juu ya kalibu kubwa ya mbao ngumu au zege iliyochongwa kwa umbo la ndani la ndege. Fundi alianza na plaiwudi nyembamba ya birch, mti wa nchi za baridi. Juu yake akapanga vipande vya balsa kutoka Ecuador vya unene wa takriban milimita 11, kisha akafunika kwa plaiwudi nyingine, na yote yakakazwa kwa mikanda ya chuma hadi gundi ishike. Balsa haina nguvu za maana yenyewe. Kazi yake ni kuzitenganisha plaiwudi mbili, na umbali huo kati yake ndio unaoufanya ukuta ukatae kupinda bila kuongeza uzito mkubwa. Ndiyo maana bodi hiyo ilisimama bila msitu wa mataruma ndani.

Ujanja ninaoupenda zaidi ulikuja kabla ya kuunganisha. Nusu zote mbili zikiwa bado wazi, mafundi walifunga nyaya, mabomba ya haidroliki na vifaa vya usukani wakiwa wamesimama wima, mikono inafika kila mahali. Aliyewahi kujikunja ndani ya bodi finyu kutafuta skrubu ataelewa thamani yake. Ndipo nusu hizo zikagundishwa, zikavalishwa kitambaa cha pamba na kupakwa rangi. Nje hapakuwa na vichwa vya ribiti wala maungio ya mabati ya kukwaruzana na hewa. Bawa nalo lilikuwa kipande kimoja cha mita 16.5 kutoka ncha hadi ncha, rejeta zimefichwa kwenye ukingo wake wa mbele, na shokapu za magurudumu zilikuwa vipande vya mpira vilivyopangwa, jambo lililookoa kazi nyingi ya kukereza chuma.

Faida nyingine ilikuwa watu. Kazi iligawanywa kwa viwanda vya samani vya High Wycombe, kwa watengeneza piano na waunda mabodi ya magari, mafundi ambao vita vilikuwa vimewaacha na randa mkononi bila oda. Mbao ziliwapa kazi mafundi hao bila kugusa alumini, na hapo ndipo ile hoja ya uhaba wa alumini inapopata uzito wake.

Udhaifu ulikuwa kwenye gundi. Mwanzoni walitumia gundi ya protini ya maziwa, ambayo ikipata unyevu huota ukungu. Baadaye wakahamia Aerolite, gundi ya kemikali iliyobuniwa na Norman de Bruyne: gundi yenyewe upande mmoja, asidi ya kuikausha upande wa pili. Nzuri sana, kwa sharti kwamba mbao zikutane sawasawa. Mwaka 1944 Mosquito kadhaa zilivunjikia angani huko India, na wengi wakalaumu joto la tropiki. Wachunguzi walikuta mbao zilizovimba kwa maji, lakini wakakuta pia maungio yenye nafasi, ambapo plaiwudi na boriti ya bawa hazikushikana ipasavyo tangu kiwandani. Tiba mojawapo ilikuwa utepe wa plaiwudi uliobandikwa kuziba maungio ya bawa. Kwangu mimi, hili ndilo deni halisi la ndege hii. Ribiti mbovu unaiona kwa macho. Gundi iliyokosea imefichwa ndani ya mbao, na kiwanda cha viti kilichogeuzwa cha ndege kwa miezi michache hakiwezi kupata jicho la mkaguzi kwa haraka hivyo.

Pamoja na hayo ziliundwa 7,781, nchini Uingereza, Canada na Australia. Zilipiga picha, zilibeba mabomu, ziliwinda usiku, na nyingine zilileta bolbearingi kutoka Sweden.

Baada yake kampuni haikuiacha gundi. Ndege ya kivita ya Hornet ilichanganya mbao na alumini kwa Redux, gundi nyingine ya de Bruyne; na Vampire, ya injini ya jeti, bado ilikuwa na chumba cha rubani cha balsa na plaiwudi. Kilichoidhoofisha kampuni ni metali: ndege mpya za abiria, zilizoitwa pia Comet, zilizopasuka angani mwaka 1954 kwa uchovu wa alumini. Mwaka 1960 Hawker Siddeley ikainunua de Havilland. Ile Mosquito ya kwanza kabisa, W4050, haikuuzwa wala kuvunjwa. Imo kwenye makumbusho ya Salisbury Hall, na mgeni anaruhusiwa kuiona.