Singeli na Utambulisho wa Vijana wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Wahakiki wa muziki wa kizazi kipya wamezoea kuutafuta utambulisho wa kijana katika lugha anayoiimba. Mkabala huo una mashiko kwa vijana wenye asili ya Puerto Rico jijini New York, ambao salsa iliyorekodiwa na kampuni ya Fania, iliyoasisiwa mwaka 1964, iliwaimbia Kihispania katikati ya mji wa Kiingereza. Kibiti mkabala huo unakwama. Kijana Mndengereko huimba singeli kwa Kiswahili, na Kindengereko, ambacho Eva-Marie Ström alikifanyia tasnifu mwaka 2013, kinazidi kubaki vinywani mwa wazee. Kuhitimisha kwamba kijana huyo amepoteza utambulisho wake ni kuharakisha mno.

Singeli ilichipuka uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na Mbagala, kutokana na mchiriku, ambao nao ulichota katika ngoma za Wazaramo, majirani wa Wandengereko, ukaongezewa kinanda kidogo cha Casio. Mbagala ndiko barabara ya kusini inakoingilia jijini. Kwa hiyo muziki huu unapofika Kibiti haufiki kama mgeni. Unarudi kwa jamaa.

Mapigo yake huweza kuzidi 200 kwa dakika. Kwa kasi hiyo maneno mengi hayashikiki (mhakiki anayenukuu beti tu atakuwa amenukuu kisichosikika), na kinachobaki sikioni ni majina: ya watu, ya mitaa, ya vijiji. Kutajwa ndiko kunakotafutwa. Kijana wa Nyamisati aliyekwenda kuuza mitumba jijini, akisikia kijiji chake kikiitwa kwenye kipaza sauti, hahitaji ubeti wa Kindengereko ili ajitambue.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kibiti. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na jina la Kibiti likaingia katika vyombo vya habari kama jina la hofu. Kijana aliyejitambulisha kuwa anatoka huko alijua jinsi jina hilo linavyopokewa. Kulipaza usiku, mbele ya watu wanaocheza, ni kulidai upya, hata kama mwimbaji mwenyewe hakukusudia hivyo.

Hata hivyo, majina hayo huitwa kwa upendeleo. Wanaotajwa kwa sifa aghalabu ni wanaume. Msichana hutajwa kwa kiuno chake, au kwa kejeli. Katika unyago mwanamke huimba, hufundisha na hucheka kwa niaba yake mwenyewe. Singeli imerithi ngoma za jamii hiyohiyo, lakini kipaza sauti imekiweka mikononi mwa kaka zake.