Nyekundu ya Kisutu

"Mwanangu, hii si kanga yangu."

Bi mkubwa alininyooshea simu. Tulikuwa dukani kwake, Mtaa wa Biashara, Mombasa, na kwenye kioo cha simu ile palikuwa na kisutu nilichompigia picha wiki moja kabla. Kwenye kompyuta yangu nyekundu yake ilikuwa imeiva, inakaribia kuwaka. Mtandaoni ilikuwa imepauka, kama nguo iliyofuliwa mwaka mzima na kuanikwa juani. Akaikunjua kanga yenyewe, akaiweka kando ya simu, akanyamaza. Wateja wake wengi wako Muscat na hununua kwa kuona picha tu. Kanga mpya nilikuwa nimeigeuza kuukuu.

Tangu siku ile nimeipenda kazi ya kutunza rangi, na siku hizi naipenda kuliko kupiga picha kwenyewe. Wapigapicha wengi huiona adha ya dakika ya mwisho, mtu ameshachoka, anataka kutuma faili akalale. Kwangu mimi ndipo heshima ya kazi ilipo. Kitu cha mtu kimepita mikononi mwako, na kule kinakokwenda kinatakiwa kifike kilivyo.

Kompyuta haijui nyekundu. Inachojua ni namba tatu kwa kila nukta ya picha: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Lakini ukiniambia pishi tatu za mchele, nitataka kukiona chombo ulichopimia, maana pishi ya duka hili huenda si pishi ya duka lile. Rangi nazo zina vyombo vyake. Cha mtandao ni sRGB, kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 kwa kufuata uwezo wa skrini nene za siku zile, na mwaka 1999 kikawa kiwango cha kimataifa. Kingine ni Adobe RGB cha mwaka 1998, kipana zaidi, hasa upande wa kijani. Kamera yangu nilikuwa nimeiweka kwenye hicho kipana, nikiamini kipana ndicho bora.

Sasa tazama kilichotokea. Nyekundu kali kuliko zote za sRGB huandikwa 255, 0, 0. Nyekundu hiyo hiyo, ukiiandika kwa kipimo cha Adobe RGB, ni 219, 0, 0. Programu yangu ya kuhariri ilijua inasoma kipimo gani, ikanionyesha rangi iliyoiva. Ukurasa wa duka ulipoipokea picha uliipunguza uzito, na katika kuipunguza ukaibandua profaili, yaani yale maelezo mafupi ndani ya faili yanayosema namba hizi zimepimwa kwa chombo gani. Kivinjari kikakutana na 219 isiyo na mwenyewe, kikaisoma kama 219 ya sRGB. Moto wa kisutu ulizimikia hapo.

Picha ya mtu huumia zaidi. Ngozi ya maji ya kunde ina wekundu mwembamba chini yake. Ukipotea huo, bibi harusi anaonekana kama aliyeinuka jana kutoka kwenye malaria. Na jambo hili kwetu lina historia. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipanga mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyotoka sawa. Mtu mweusi tii alitoka kivuli chenye meno, na lawama akabebeshwa weusi wake. Leo kipimo kiko mezani kwangu. Nikimtoa mtu akiwa rangi ya majivu, sina wa kumsingizia.

Basi kazi yenyewe huanza kabla ya picha. Nafunga pazia ili jua lisiikamate skrini. Navaa shati la kijivu, kwa sababu fulana nyekundu humulika kwenye kioo na jicho likadanganyika bila kujijua. Kisha natundika kipima rangi, kidude cha kukaa kiganjani chenye jicho upande mmoja, kikaegemea katikati ya skrini. Skrini inamwaga nyekundu, kijani, bluu, halafu ngazi za kijivu moja baada ya moja, na kidude kinasoma kila moja kimya kimya. Weupe nautaka kwenye kelvini 6500, mwangaza karibu kandela 120 kwa mita ya mraba. Mara ya kwanza kufanya hivi nilishtuka. Weupe nilioutegemea miaka yote ulikuwa bluu, na kila picha niliyowahi kuitoa nilikuwa nimeikoleza umanjano ili kuufidia ubluu ambao haukuwemo ila kwenye skrini yangu.

Mwisho wa kuhariri nageuza picha kuwa sRGB. Nasema nageuza, sisemi nabandika, na hapa ndipo wanafunzi wangu huteleza. Ukigeuza, programu inazihesabu namba upya ili rangi ibaki ile ile: 219 inakuwa 255. Ukibandika tu jina la sRGB juu ya namba za zamani, namba zinabaki na rangi inaharibika, na faili linasema uongo likiwa na muhuri. Baada ya hapo naihifadhi na profaili yake ndani. Hata ukurasa ukiibandua, kivinjari kitaikisia kuwa sRGB, na safari hii kitakuwa kimepatia.

Watu huniuliza faida iko wapi, ilhali simu za wateja kila moja ina rangi zake, nyingine zimewekwa rangi kali, nyingine hali ya usiku inayofanya kila kitu kuwa cha manjano. Ni kweli, sizitawali. Lakini mwenye simu ya manjano anaona dunia nzima kwa umanjano huo, na jicho lake limeshauzoea. Picha iliyotoka kwangu sawa itakaa sawa kati ya nyingine anazoziona. Iliyotoka kwangu ikiwa mbovu itabeba kosa langu, na juu yake kosa la simu.

Nilirudi kwa bi mkubwa na picha mpya. Tulitoka barazani, kivulini, tukakitandaza kisutu na kuiweka simu yake juu ya pindo, pale nyekundu inapokutana na nyeusi. Alitazama nguo, akatazama kioo, akarudi kwenye nguo.

"Hii ndiyo yenyewe."

Akaingia ndani, akatoka na kanga nyingine, feruzi iliyokoza ajabu, mpya, bado ina harufu ya kiwanda. Nikaikagua muda mrefu. Nikamweleza kwamba hii, mama, haitaingia yote. Chombo cha mtandao ni kidogo kwa feruzi kama hii, na nitakapofika ukomo wake nitasimama, sitaisukuma igeuke rangi nyingine.

Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Basi tuwaandikie chini yake," akasema, "wajue yenyewe imekoza zaidi."