Ka, kwa na chez: majina ya mahali ya Homa Bay na Migori

Kihusishi cha Kifaransa chez hutangulia mtu na kumaanisha nyumbani kwake: chez Paul, kwa akina Paul. Asili yake ni casa, nyumba kwa Kilatini, ndiyo maana mgonjwa huenda chez le médecin, kwa daktari, lakini akienda hospitalini chez haifai tena. Matumizi mengine yametoka humo. Mbele ya jina la jamii neno humaanisha "miongoni mwa", na mbele ya jina la mwandishi, "katika maandishi yake". Huko Charente, magharibi mwa Ufaransa, vitongoji vingi vinaitwa Chez kisha jina la familia, jambo lisilo geni kwa anayeijua Mukuru kwa Njenga ya Nairobi au Kwa Vonza ya Kitui.

Dholuo, lugha ya Waluo, ina silabi moja kwa kazi hiyo, ka, na inaibana kuliko Kiswahili kinavyoibana kwa. "Naenda kwa Onyango" huacha swali: anafuatwa Onyango mwenyewe au boma lake? Mluo hutenganisha. Anayemfuata mtu, popote alipo, atasema adhi ir Onyango. Anayekwenda bomani atasema adhi ka Onyango, hata kama mwenye boma amesafiri tangu juzi. Ka ni ya mahali penye mwenyewe, na ndiyo iliyozaa ramani ya Nyanza Kusini, yaani Homa Bay na Migori. Karachuonyo ni ka Rachuonyo, kwa babu aliyeitwa Rachuonyo.

Matamshi yameficha baadhi ya viungo hivyo. Majina mengi ya wanaume wa Kiluo huanza kwa o, na irabu hiyo huimeza a ya ka: Kochia ya Rangwe ni ka Ochia, Kologi na Kosewe za Ndhiwa ni ka Ologi na ka Osewe. Majina mengi ya wanawake huanza kwa a, na hapo irabu mbili zinazofanana huungana bila kuacha alama. Kachieng' ya Nyatike, kwa umbo lake tu, inaweza kuwa ya Chieng' au ya Achieng'.

Hata hivyo wanawake hawakupotea. Kanyaluo, Kanyamkago, Kanyadoto, Kanyamwa, Kanyasa: nya ya katikati kwa kawaida huelezwa kuwa ni nyar, binti wa. Chanzo ni boma la wake wengi. Mikayi, mke wa kwanza, ana nyumba yake inayotazama lango. Nyachira, wa pili, ana yake, na reru, wa tatu, yake. Watoto wa baba mmoja hugawanyika kwa nyumba za mama zao, na vizazi vikipita kila nyumba huweza kuwa tawi la ukoo. Ukoo wenyewe huitwa dhoot, yaani mlango wa nyumba. Watu wa babu mmoja ni jokakwaro, wa mama mmoja ni jokamiyo, na ka imo ndani ya maneno yote mawili.

Chez haijafika huko. Kifaransa kinalo chez-soi, makao ya mtu mwenyewe, basi. Ka ikishashikana na jina, zao lake hupokea viambishi upya: jakarachuonyo ni mtu wa huko, jokarachuonyo ni wengi, na nyar Karachuonyo ni binti wa huko, jina analoitwa alikoolewa hata akiwa nyanya mwenye wajukuu. Ka huweza pia kupandana, kama katika wadi za Kanyamwa Kologi na Kanyamwa Kosewe, tawi ndani ya ukoo.

Utawala ulizigandisha ka hizi ardhini. Eneo bunge la Uriri lina wadi tano za Kanyamkago, ya kaskazini, kusini, mashariki, magharibi na kati. Rongo ina nne za Kamagambo. Nyumbani kwa watu sasa kuna pande za dira, jambo ambalo babu mwenyewe angeliona kichekesho. Wilaya ya Rachuonyo, iliyoundwa miaka ya 1990, ilifanya kinyume: iliacha ka, ikabaki na jina la babu peke yake, na chini yake zikakusanywa Karachuonyo, Kasipul na Kabondo.

Msomaji wa ramani ajihadhari. Dholuo ina ka nyingine ya "hapa" (bi ka, njoo hapa) na nyingine ya "ikiwa", na maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni. Majina mengine hayahusu watu kabisa: God Jope ya Suna Mashariki ni mlima wa nyati, Wang'chieng ya Karachuonyo ni jicho la jua.

Upande wa Wakuria, huko huko Migori, njia ni ya Kibantu. Abakira ni watu, Bukira ni nchi yao. Abairege wana Bwirege, kama Wanyamwezi walivyo na Unyamwezi. Hapahitajiki kihusishi, kiambishi cha ngeli kinatosha. Katikati ya pande hizo mbili, katika Suna Magharibi, ziko wadi za Wasweta na Wasimbete, ambazo hata leo zinaanza kwa wa ya Kibantu.