Ukuta Nyuma ya Ngoma

Rafiki zangu wawili wa Singida wana wazo la tamasha. Wanataka lifanyike katika boma la Wajerumani lililoko Mkalama: muziki hadi alfajiri, filamu ukutani, kuku wa kuchoma, asali, vikundi vya ngoma kutoka Iramba mpaka Manyoni. Kwenye andiko la mradi kuna sentensi wanayoipenda mno, kwamba Mkalama itakuwa "Ngome Kongwe ya bara". Mimi nimepewa aya ya historia. Nikawaambia sitaandika kitu kabla sijakaa tena ndani ya hiyo Ngome tunayotaka kuiga, safari hii kama mhakiki, maana mara zote nilizowahi kufika nilikwenda kucheza tu.

Basi Februari nikavuka maji kwenda Unguja, kwenye Sauti za Busara.

Niseme ukweli mapema: kwa kusikiliza muziki, ile Ngome ni tamu. Nje kuna Forodhani na upepo wa bahari, ndani kuna ua wenye nyasi na kuta nene za mawe ya matumbawe zinazokumbatia besi badala ya kuitupa mitaani. Tamasha limekuwapo tangu 2004, na mafundi wake wanajua kazi. Hakuna foleni ya hotuba. Bendi inashuka, nyingine inapanda, na wewe umesimama bega kwa bega na mama wa Michenzani, mtalii aliyeungua pua, na kijana wa Temeke anayeimba maneno ya lugha asiyoijua.

Lakini nilikwenda kutazama ukuta. Na ukuta, usiku mzima, ulikuwa pazia. Taa za zambarau zikaupanda, za kijani zikaushuka, moshi wa mashine ukaulamba. Mtu aliyefika kwa mara ya kwanza angeweza kudhani umejengwa kwa ajili ya taa.

Kumbe ukuta huo una maisha. Waomani waliinyanyua Ngome baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa yamo humo humo ndani. Baadaye pakawa jela. Neno gereza lenyewe wanaisimu wanalirudisha kwenye igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Ni kama lugha imetunza kumbukumbu ambayo jukwaa limeshindwa kuitunza: nyumba ya sala ikageuka nyumba ya minyororo, na sisi tukaendelea kulitamka neno bila kusikia kengele. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ngome ikatumikia reli ya Bububu, na katika miaka ya 1940 ikawa klabu ya wanawake. Kanisa, jela, treni, mabibi na michezo yao, sasa gitaa. Hata mtunzi wa riwaya angeambiwa apunguze.

Sidai kila mwanamuziki asimame atoe somo. Nadai kitu kidogo zaidi, na nilikiona mara moja tu, taarabu ilipopigwa. Violini zikaanza, kanuni ikajibu, na ghafla jengo likawa na sababu ya kuwapo pale. Sultani Barghash, ambaye husimuliwa kuwa ndiye aliyeleta taarabu kutoka Misri, ndiye aliyejenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, jirani kabisa na Ngome, jumba lililoporomoka sehemu Desemba 2020. Bi Kidude aliimba kwenye tamasha hilihili kabla ya kufariki 2013, na sauti yake haikutoka ikulu, ilitoka upande wa pili wa mji. Muziki ule unajua nani alikaa kitini na nani alibeba kiti. Haukutaja historia hata mara moja, lakini nilipoinua macho ukutani niliona mawe.

Swali nililorudi nalo Singida ni hili: sisi tuna muziki gani wa kulifanya boma la Mkalama lionekane mawe?

Kwetu neno lenyewe lina utani. Bomani ni kwa serikali, na boma pia ni nyumba uliyopandisha kuta ukaishiwa hela ya bati. La Mkalama naliona kwa maana zote mbili. Lilijengwa ili watu watawaliwe, katika enzi ya kodi ya nyumba iliyoanza 1898. Waingereza wakahamishia makao ya wilaya Singida, na hadithi ikaachwa bila paa.

Rafiki zangu wana jibu la haraka: Liti. Yule mwanamke ambaye masimulizi ya Wanyaturu yanasema aliwapinga Wajerumani huku nyuki wakiwa jeshi lake. Wanataka awe kwenye bango, nyuki wamemzunguka kichwa. Picha nzuri, itauza fulana. Lakini Liti ni wa Wanyaturu, na Mkalama ni nchi ya Wanyisanzu na Wanyiramba. Kumhamisha kwa sababu tu anapendeza ni kusema kwamba kule boma liliposimama hapakuwa na mtu aliyeumia wala aliyekataa. Kuna wazee Mkalama. Hatujawauliza.

Isitoshe, Liti tumeshamfanyia hivyo mara moja. Uwanja wetu wa mpira, uliokuwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Ni heshima kubwa, na nilifurahi ulipobadilishwa jina. Wiki niliyorudi nilikwenda kutazama mechi. Kijana aliyekaa pembeni yangu, shabiki hasa, anamjua kila mchezaji na klabu aliyotoka. Nikamuuliza Liti ni nani.

"Si ni kifupisho?" akasema. "Huwa wanaandika kwa herufi kubwa." Akafikiri kidogo. "Ligi ya… ya nini sijui." Ikapigwa kona, tukasimama wote.

Unguja kuna jengo ambalo hadithi yake imefunikwa na taa. Singida tuna jina ambalo hadithi yake imefunikwa na kelele za goli. Nikaandika ujumbe kwenye kundi letu: tamasha nalitaka, lakini usiku wa kwanza usiwe na bendi. Tukae uani na wazee wa Mkalama, taa mbili za kawaida, waseme boma lilikuwa nini kwao, kwa Kinyisanzu kama wakipenda, na sisi tutafute mkalimani. Aya yangu ya historia itatoka hapo. Bendi zipande usiku wa pili.

Wakanyamaza siku nzima. Kisha mmoja akajibu kwamba mfadhili anataka andiko Ijumaa, na aya ya historia isizidi mistari mitano.

Nimeanza kuwatafuta watu wa kunipeleka Mkalama Jumatano.