Wanaoisugua Picha

Mtu akisimama mbele ya picha ya laka ya Gióng, yule mtoto wa ngano za Vietnam aliyepanda farasi wa chuma kuwafukuza wavamizi, humsifu mchoraji. Anastahili. Lakini kazi huanza mkoani Phú Thọ, kabla ya mapambazuko, kwa mgema anayechanja gome la mti wa laka na kukinga utomvu unaodondoka tone kwa tone. Utomvu huo mbichi huwasha. Ngozi isiyouzoea huvimba na kutoka malengelenge.

Karakanani, ubao huvishwa kitambaa, ukapakwa utomvu huo tabaka juu ya tabaka. Ajabu yake, utomvu hukauka vizuri penye unyevu, si juani, kwa hiyo kila tabaka lina muda wake wa kungojwa. Weupe hupatikana kwa maganda ya mayai ya bata, yanayobandikwa kipande kimoja kimoja. Dhahabu na fedha nyembamba hulazwa, kisha (mimi nisingethubutu) vyote hufunikwa kwa utomvu mweusi.

Ndipo huja msasa na maji. Ufundi huu wa laka, uliokuwa wa kupamba mahekalu, uligeuzwa sanaa ya picha katika shule iliyofunguliwa Hanoi mwaka 1925, na kusugua ndiko kulikoleta mageuzi hayo. Msuguaji humtafuta farasi chini ya weusi kwa ncha za vidole. Akizidisha kidogo, dhahabu inakwenda na maji machafu, na hairudi. Wachoraji wengine husugua wenyewe. Wengine huwaachia mafundi, ambao humalizia kwa kung'arisha uso wa picha kwa kiganja kitupu, kabla mwenye picha hajatia sahihi yake.